Namba Tisa Kabatini: Risala ya Mabawabu wa Kanisa la Bethabara

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Seneta Harlan Teague, mwenyekiti wa kamati ambayo kila mswada wa silaha wa jimbo letu hupitia, Mchungaji wetu, mashemasi, akina mama wa jikoni, ambao harufu ya kambale wenu imetutesa tangu asubuhi, ndugu wote mliohudhuria:

UKARIBISHO

Sisi mabawabu wa Kanisa la Kibaptisti la Bethabara, hapa Cahaba Bend, tunakukaribisha kwa mikono miwili, yote ikiwa ndani ya glavu nyeupe kama inavyotakiwa. Ahsante kwa kuja leo Ijumaa, siku ya samaki. Ahsante zaidi kwa kuifuata desturi ya mlango wetu. Dada Odessa Pettway alipokuambia, "Mheshimiwa, hicho cha kiunoni kinabaki kwangu," ulicheka ukasema, "Mama, mimi nina kibali." Akakujibu, "Kibali kaa nacho, baba. Bastola nipe." Ukampa, naye akakupa kikaratasi namba kumi. Tunaomba ukitunze.

HISTORIA

Chama chetu kilianzishwa mwaka 1931 na wanawake sita wafua nguo. Glavu walizivaa ili kuficha mikono iliyoliwa na magadi. Mambo ya urembo yalikuja baadaye. Kazi ya bawabu haijabadilika: mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, mkono wa kulia unaonyesha kiti, mdomo umefungwa. Anayezimia tunampepea. Anayelia tunampa kitambaa, na hatumuulizi analilia nini.

Mwaka 1994 tulizika vijana wawili kwa siku moja. Mabawabu wakaona viuno vya waombolezaji vimevimba upande mmoja, wakalitoa kabati la chuma ofisini na kuliweka mlangoni. Tangu siku hiyo kila mwenye silaha huiacha pale. Anapewa kikaratasi cha namba, na kingine cha namba hiyohiyo kinafungwa kwa uzi kwenye silaha yake. Hatuandiki jina. Akitoka anarudishiwa, maana mali ya mtu ni ya mtu.

MAFANIKIO

Kwa zaidi ya miaka thelathini hakuna risasi iliyolia ndani ya kanisa hili. Vijana wasiowaamini polisi, wala mashemasi, wala Mchungaji (utusamehe, Mchungaji), wanamwamini Dada Odessa mwenye miaka sabini na mmoja na magoti mabovu. Pia tumenunua feni nne.

CHANGAMOTO

Mheshimiwa, tunaogopa. Shemasi mmoja alitushauri tuandike "tuna wasiwasi kiasi" kwa sababu ndiyo lugha ya risala. Tulipiga kura, neno "tunaogopa" likashinda.

Wiki mbili zilizopita, Jumamosi, tulikuwa na maziko. Kijana mmoja alimwachia Dada Odessa bastola. Nyuma yake ilikuwa na kidude kidogo, hakizidi kete ya dama. Dada Odessa alidhani ni pambo. Tena alifurahi, kwa sababu kilimpa mahali pazuri pa kufungia uzi. Akakifungia kikaratasi namba kumi na nne, na ibada ilipokwisha akamrudishia mwenyewe kwa adabu zote, akamwambia, "Haya mwanangu, upite ukale."

Hakupita kula. Dakika ishirini baadaye, kwenye kituo cha mafuta cha mtaa wa pili, alimlenga mtu aliyekosana naye. Kidude kile ndicho kinachoigeuza bastola ya kawaida kuwa rashasha: unabonyeza mara moja, zinatoka zote, na anayeshika hawezi kuidhibiti. Aliyemlenga hakupata hata mchubuko. Dada yetu Renata Oglesby, mpishi wa shule, sauti ya pili katika kwaya, alikuwa amesimama kwenye pampu anajaza mafuta gari lake. Alikufa palepale. Polisi waliiokota ile bastola ikiwa bado imefungwa kikaratasi chetu, chenye jina la kanisa na maneno "Karibu Tena".

Tangu siku hiyo Dada Odessa hali vizuri. Tunamwambia, "Dada, hukujua." Anatujibu, "Sikujua kwa sababu sikuuliza. Na sikuuliza kwa sababu nyie mlinifundisha nisiulize." Anasema kweli, na mimi msomaji wa risala hii ndiye niliyemfundisha.

Tulimwita askari mstaafu atuonyeshe kidude hicho kinavyokaa. Sasa tunakitambua hata bila miwani. Heri tungebaki hatujui, maana Jumatano hii, kwenye sala ya msiba ya Renata, mwanawe Javaris alifika mlangoni akampa Dada Odessa bastola. Kidude kama kile kilikuwa nyuma ya bastola. Dada Odessa akamwambia, "Javaris, mwanangu, unajua ni mimi niliyemrudishia yule bastola yake?"

Akamwambia, "Najua, Mama Odessa. Ndiyo maana hii nakupa wewe. We hutaipoteza."

Alizidiwa na kilio, nduguze wakamtoa kwa mlango wa jikoni, bastola ikabaki. Jana alipiga simu. "Mama Odessa, kesho kutwa nikishamzika mama nitakuja na kikaratasi changu. Ni namba tisa."

"Ya nini, mwanangu? Nani wa kumpiga? Aliyempiga mama yako yuko ndani, polisi wanaye."

"Ana kaka."

Mheshimiwa, kesho saa tano tunamzika Renata.

Tulikwenda kwa polisi wa mji. Hatukumtaja mtu, tuliuliza tu kama wajinga, na hilo tunaliweza. Askari alikuwa muungwana. Akasema, "Mama zangu, bastola kama ni yake halali, ni yake. Kidude serikali kuu inakikataza tangu zamani, lakini jimbo halina kifungu, mimi simshitaki mtu kwa hicho. Niwaandikie wakubwa wa huko juu, watakuja wakipata nafasi. Labda wiki tatu." Tukamwuliza kama maziko yanaweza kusubiri wiki tatu. Akatusindikiza hadi mlangoni.

Kuna mswada, tunajua. Uko kwenye kamati yako tangu majira ya baridi. Tumeusoma wote, kwa zamu, baada ya mazoezi ya kwaya. Unasema vizuri kwamba atakayetengeneza, kuuza au kukifunga kidude hicho atafungwa na jimbo, na tulipofika hapo tulisema amina. Kisha kifungu cha tatu kinasema hivyohivyo kwa kila "atakayekipokea, kukitunza au kukikabidhi". Dada Odessa alikisoma mara mbili, akavua miwani. "Huyu aliyeandika hapa," akasema, "ananijua kwa jina."

Tukimpa Javaris chake, tutazika tena, na safari hii tutajua. Tukimnyima, au tukiita mtu aje amkamate mbele ya jeneza la mama yake, Jumamosi ijayo hakuna kijana atakayeacha silaha mlangoni. Wataingia nazo hadi ndani, na humo ndimo wanamokaa watoto wetu wa shule ya Jumapili.

MAOMBI

Kwa hayo tunaomba.

Mswada utolewe kwenye droo. Tunaitaka sheria hii, asikudanganye mtu kwamba watu wa mtaa huu hawaitaki.

Kifungu cha tatu kiongezewe maneno machache: anayekipokea ili kukitoa mikononi mwa watu, akakipeleka kwa polisi, asifungwe. Sisi tumejaribu kuyaandika. Yako kwenye bahasha chini ya sahani yako, kwa mwandiko wa Dada Odessa.

Ombi la tatu halimo kwenye nakala uliyopewa, kwa sababu Mchungaji hakuliona. Mheshimiwa, wewe unazo namba za simu za wakubwa hao wa huko juu. Wenye nafasi baada ya wiki tatu, kwa ajili yako huenda wakapata nafasi leo. Wapigie kabla hujaondoka. Na kesho uje kwenye maziko, ukae kiti cha mbele karibu na Javaris, umwambie mwenyewe kwa mdomo wako kwamba kitu chake hakirudi na kwa nini. Sisi tutasimama nawe. Kijana yule hataki kuua. Tumemlea, tunamjua. Anataka kuona kama kuna mtu mzima yeyote mwenye madaraka atakayefanya jambo.

HITIMISHO

Sasa utakula, halafu utakwenda mlangoni na kikaratasi chako. Dada Odessa atafungua kabati. Rafu ni moja na leo zimo mbili tu. Namba kumi ni yako, kulia. Tunakuomba, kabla hujanyoosha mkono, utazame kidogo kushoto.

Bwana akulinde uingiapo na utokapo. Mlango ndiyo kazi yetu, na kwa hilo tunakuombea tukijua tunachoomba.

Ni sisi watumishi wako,
Mabawabu wa Kanisa la Kibaptisti la Bethabara, Cahaba Bend.

Imesomwa na Verlene Stallworth, mwenyekiti. Dada Odessa Pettway hakuweza kuketi nasi ukumbini. Yuko mlangoni penye kabati, analinda.