Siku Tatu Juu ya Karatasi Nyeupe: Mzee Lete Nione Akabidhi Ufunguo

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, mtunza stoo wetu atafunga mlango wa stoo ya vipuri baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kazi. Atakijaribu kitasa mara mbili. Akishafika getini atarudi kukijaribu mara ya tatu. Tumemzoea. Ndiye Mzee Lete Nione, jina alilolipata kabla wengi wetu hatujaajiriwa, maana ukimwambia kitu ni kipya, ni kizima, hakina neno, jibu lake ni moja tu: lete nione.

Kamati ya kumuaga imeniomba niandike haya kwa kuwa nimekuwa fundi breki hapa miaka kumi na miwili, na meza yangu inatazamana na dirisha lake. Shule yangu haikufika mbali, lakini nilichokiona nimekiona, na mtu wa sala hafichi alichokiona, hata kama kinamwaibisha mwenyewe.

Aliingia karakana hii kama mfagiaji. Mwezi wa pili alikuta unga wa kutu chini ya rafu ya beringi mpya, akauliza tangu lini kitu kipya kikatoa kutu. Katoni zilipofunguliwa ndani mlikuwa na beringi kuukuu zilizooshwa na kupakwa grisi. Ufagio ukapata mtu mwingine, naye akapewa stoo. Tangu siku hiyo hakuna katoni iliyopita kwake kwa uzuri wa lebo. Hunusa raba. Hupima filta kwa kiganja. Hukwangua maandishi kwa ukucha. Hata chai ya ofisini huiinua kwanza kwenye mwanga, na aliyeipika hukasirika kila siku.

Lakini sifa yake kubwa ni kulaza. Chombo chochote cha kuwekea mafuta, kiwe kimetoka kiwandani au kuzimu, kwake hujazwa mpaka juu, hufunikwa, na hulazwa siku tatu kamili juu ya karatasi nyeupe. Karatasi ikibaki kavu, anatia sahihi kwenye kitabu cha ruhusa na kipuri kinatoka. Ikipata doa, kinarudi kilikotoka. Sisi mafundi tulizoea kumuuliza mgonjwa wake anaendeleaje. Yeye hujibu bila kuinua kichwa kwamba amelala, tusimwamshe.

Mwaka jana likaja lile gari la spoti. Jekundu, milango miwili, la zamani kuliko meneja wetu. Lilikuwa la marehemu mume wa mkunga mmoja mstaafu, mama mpole mwenye sauti ya kuamrisha. Kitinda mimba wake alikuwa anaolewa Jumamosi, saa nne asubuhi, na mama alitaka yeye mwenyewe amwendeshe bibi harusi katika gari la baba yake. Nyumba yao iko juu ya mteremko mrefu, wenye kona nne.

Gari hilo lina vikopo viwili vya mafuta ya breki, kimoja cha magurudumu ya mbele na kingine cha nyuma. Vyote vilikuwa vimepasuka kwa uzee. Vya aina ile havitengenezwi tena. Meneja alihangaika wiki mbili, akapata muuzaji wa mbali aliyeapa kwamba anavyo vipya. Vikafika Jumatano alasiri, vyeupe, vinang'aa, kila kimoja na katoni yake. Nilifurahi. Nilinyoosha mkono nivichukue, Mzee akanitazama kama mtu aliyemkamata mwizi. Akavinusa, akakunja uso, akavijaza, akavilaza. Saa ilikuwa tisa. Siku tatu zake zingetimia Jumamosi saa tisa, mchana, bibi harusi ameshakuwa mke wa mtu.

Hapo ndipo shaka ilipoingia, na naomba radhi kwamba iliingilia kwangu. Alhamisi wakati wa chakula nilimwona akitoka na kitu kimefungwa kwenye kitambaa, anatazama nyuma. Ijumaa vilevile. Alirudi na vumbi hadi magotini. Dereva wetu akasema amemwona kwenye yadi ya magari mabovu, ananong'onezana na dalali. Nikajiuliza: mtu anayekataa vikopo vipya, huku anaonana na dalali kwa siri, anatafuta nini? Nilijiambia kwamba dhana mbaya ni dhambi. Kisha nikaenda kwa meneja nikamweleza yote, eti nina wasiwasi tu.

Saa nane ya Ijumaa ile meneja alikuja dirishani, mama mkunga nyuma yake, na mimi nyuma ya mama. Meneja alisema mteja anasubiri, vikopo ni vipya, stoo ifunguliwe. Mama akaongeza kwamba amepokea watoto wa watu miaka arobaini bila kuwalaza kwenye karatasi. Tulicheka. Mzee hakucheka. Aliweka ufunguo juu ya kaunta, akaweka kitabu cha ruhusa kando yake, akakifungua, na juu yake akalaza kalamu.

"Ufunguo ni huo," alisema. "Mwenye kuamini kwamba ni vizima aandike jina lake hapo, achukue. Mimi sijaamini bado."

Meneja alinitazama mimi, kwa kuwa ndimi fundi. Mimi nikamtazama meneja, kwa kuwa ndiye mkubwa. Mama akatutazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, na sura yake ikaanza kubadilika. Kalamu ile ilikuwa ya kawaida kabisa, ya bluu, kifuniko kimetafunwa. Hakuna mkono ulioigusa.

Mama aliondoka bila kuaga. Bibi harusi akapelekwa na gari la mjomba wake. Nilikuwa zamu ya Jumamosi ile, na saa nne asubuhi nilichungulia dirishani nikaona karatasi mbili, nyeupe pe. Nikasema moyoni, mzee huyu amemharibia mtu sherehe kwa ukaidi, au kwa jambo baya zaidi. Saa sita, nyeupe. Saa nane kasorobo kikopo cha pili kilikuwa na doa chini yake, dogo kama kifungo cha shati. Saa tisa lilikuwa limefika ukingo wa karatasi. Mzee alikuja siku yake ya mapumziko, akakibonyeza kikopo kwenye mshono kwa kidole gumba, na plastiki ikabonyea kama sabuni iliyolowa. Mafuta ya breki yalikuwa yanaila. Katika mteremko ule wenye kona nne, nani angejua plastiki hiyo ingetoboka kwenye kona ya ngapi?

Na kile kitu cha kwenye kitambaa? Kilikuwa kikopo cha zamani kilichopasuka. Alikuwa anakipeleka yadini kukilinganisha, kwa kuwa alikumbuka kwamba vigari vya kusambazia mikate vya miaka ile vilitumia vikopo vya umbo lilelile. Alitazama nyuma kwa sababu hutazama nyuma siku zote. Dalali naye hamwamini. Alipata viwili. Alivileta nikasubiri, nikisema sasa tutaona kama vyake navyo atavilaza. Alivilaza. Kimoja kilitia doa siku ya pili, akakirudisha yadini mwenyewe, bila kinyongo, akaanza kutafuta upya. Hapo niliona aibu ambayo sijaimaliza hadi leo.

Gari lilitoka baada ya wiki tatu. Mama mkunga alikuja na uso wa mawe. Mzee hakujieleza, alimwonyesha ile karatasi yenye doa, tarehe na saa zimeandikwa pembeni kwa mwandiko wake wa kubana. Mama aliisoma yote. Kisha akaikunja mara nne, akauliza kama anaweza kuondoka nayo.

Mwezi huu meneja alimtaka Mzee apendekeze wa kumrithi. Tulidhani angemtaja msaidizi wake, anayempenda kama baba. Akanitaja mimi. Nilimfuata stoo nikaungama: kwamba ndimi niliyemshtaki kwa meneja, na kwamba sistahili. Alikuwa anahesabu bolti, hakuacha.

"Najua ni wewe," alisema. "Wengine wote waliniona nikitoka na kitambaa, wakanyamaza kwa sababu wananipenda. Stoo haitaki mtu wa kuamini kwa mapenzi, mwanangu. Ila kosa lako ni moja: ulishuku, ukaenda kusema. Ungekuja ukaniambia nikufungulie kitambaa uone."

Basi Mzee wetu, kwa niaba ya mafundi, madereva, ofisi, na yule anayekupikia chai unayoikagua, tunakushukuru. Umetukera miaka thelathini na mmoja, na kwa ajili hiyo wako watu wanaotembea barabarani leo ambao hawajui kwamba walikuhitaji. Mwenyezi Mungu akujalie afya, akupe usingizi wa mchana, na akukinge na wauzaji.

Wafanyakazi wamekununulia chupa ya chai. Dukani walituapia kwamba haivuji. Jumatatu asubuhi niliijaza maji ya moto, nikaifunga, nikailaza kwa ubavu juu ya karatasi nyeupe kwenye rafu yako. Leo Alhamisi imetimiza siku tatu. Karatasi ni kavu. Nimeiweka ndani ya katoni uione mwenyewe, maana najua utaitaka. Na kwenye kile kitabu, kwa ile kalamu ya bluu, nimetia sahihi yangu ya kwanza. Ni ya chupa yako. Ichukue, uende salama, ukaishi vyema.