Dkt. Rael Nasimiyu Wesonga, Mganga Mkuu wa Kuku Vipofu

Dkt. Rael Nasimiyu Wesonga alizaliwa tarehe 9 Februari 1956 huko Kimilili, Bungoma, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Laban Khaemba na marehemu Mama Dina. Alizaliwa wakati wa kiangazi, ndiyo sababu akaitwa Nasimiyu. Mama yake, hata hivyo, alishikilia kwamba jina lilimfaa kwa jambo lingine: maswali ya mtoto huyu yaliwakausha watu koo.

Kaka yake mkubwa, Zedekiah, alianza kupoteza uwezo wa kuona jioni akiwa kijana. Giza likianza kuingia aliwapita watu njiani bila kuwasalimia, na kijiji kizima kikakubaliana kwamba ana maringo. Rael alimfuata jioni moja, akamwona akipapasa ua kwa mkono, akarudi mbio jikoni kutangaza: "Zedekiah haringi. Haoni!" Miaka ilivyosonga, Zedekiah akawa kipofu kabisa.

Marehemu alipata elimu ya msingi Kimilili na ya sekondari katika shule ya bweni mjini Kakamega, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1976 kusomea elimu ya wanyama. Shahada ya uzamifu aliipata Edinburgh mwaka 1988, akichunguza jinsi upofu unavyorithiwa. Alirudi na koti zito ambalo hakulivaa tena, na habari kwamba Waskoti ni watu wema lakini jua lao ni uvumi mtupu.

Kabla ya hapo, tarehe 18 Desemba 1982, alikuwa amefunga ndoa na Bwana Shem Wesonga, mwalimu wa hesabu. Walikutana kwenye harusi ya rafiki. Rael alimkazia Shem macho kwa muda mrefu sana, hata Shem akaanza kutafuta maneno ya kimapenzi ya kumjibu. Ndipo Rael akafungua kinywa: "Mboni zako hazilingani." Shem amesema kila mara kwamba hakuna mwanamke aliyewahi kumtazama vizuri namna ile. Walijaliwa watoto watatu na kuishi mtaa wa Jamhuri, Nairobi, kwa miaka mingi.

Baada ya kufundisha Chiromo, kampasi ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, tangu mwaka 1989, marehemu alifuatwa mwaka 2003 na Norman Mbugua, mwanafunzi wake wa zamani aliyeingia katika biashara. Norman alikuwa akianzisha kampuni iitwayo Mboni, pale Westlands, ya kutafuta tiba ya jeni kwa magonjwa ya macho. Alihitaji mkuu wa sayansi. Rael alikubali kwa sharti moja: Norman aongee na watu, yeye aongee na kuku.

Kuku hao walikuwa wa ukoo uliozaliwa vipofu kwa sababu ya kasoro moja kwenye jeni. Kazi ilikuwa kuwaingizia jeni nzima, ikibebwa na kirusi kilichoondolewa makali, wakiwa bado ndani ya yai. Rael alitoboa ganda, akapiga sindano nyembamba kama unywele, akaziba tundu kwa gundi, akasubiri. Vifaranga wa kwanza walitoka vipofu. Wa pili pia. Kwa kuwa mwenye jengo la Westlands hakutaka kusikia habari za kuku, walifugwa katika nyumba ya kukodi kule Kitisuru, ambako majogoo wasiojua mchana wala usiku waliwika walipojisikia. Jirani mmoja, Mama Wamucii, alikuja langoni na gauni lake la kulalia kuuliza kama ni kuku au ni kwaya.

Mwaka 2005, kifaranga mmoja alinyoosha shingo na kudonoa kifungo cha koti la msaidizi wake, Cate Ngina.

"Daktari! Imeona! Imeona kifungo yangu!" Cate akapiga kelele.

"Rudia," Rael akasema.

Walirudia hadi koti la Cate likabaki bila vifungo. Ndipo Rael akaketi sakafuni katikati ya pumba, akalia. Kifaranga huyo alikua akawa jogoo mwenye mwendo wa kujivuna, wakamwita Waziri.

Siku iliyompima marehemu kuliko zote ilikuja Juni 2006. Norman alikodi ukumbi wa hoteli Westlands, akawaalika wawekezaji ambao bila wao kampuni isingefika Krismasi. Waziri alitakiwa kudonoa mahindi juu ya meza. Badala yake alijiona katika kiatu cha Bwana Kilonzo, kiongozi wa wawekezaji, kiatu kilichong'arishwa kama kioo. Akadhani ni jogoo mwingine. Akakirukia. Bwana Kilonzo alipanda juu ya kiti, na Norman akashangilia, "Mmejionea wenyewe! Kipofu hawezi kupigana hivyo!"

Watu walicheka hadi machozi. Rael naye alicheka, mpaka alipoona ni nani aliyeketi mstari wa mbele akiwa na suti ya kuazima. Norman alikuwa amemtoa Zedekiah Kimilili kimyakimya, akamwahidi kuwa mtu wa kwanza kutibiwa.

"Watu mtaanza kuwatibu lini?" Bwana Kilonzo akauliza, bado yuko juu ya kiti.

"Mwakani," Norman akajibu.

"Si mwakani," Rael akasema. "Vifaranga wengi tuliowatibu hawaoni kitu. Waziri mwenyewe haoni kama kuku wengine."

Zedekiah akasimama. "Nasimiyu, mimi niko tayari. Nichome sindano hata leo."

"Kaka, huyu alitibiwa akiwa ndani ya yai. Wewe ulitoka zamani." Watu wakacheka tena, lakini Rael hakucheka. "Na jeni yako iliyoharibika hata siijui. Nikikuchoma leo nitakuwa nakudanganya."

Wawekezaji waliondoka. Norman hakumsemesha kwa wiki kadhaa. Zedekiah alimnunia zaidi ya mwaka, akimwambia kila mpita njia kwamba dada yake anapenda kuku kuliko ndugu. Jambo hilo lilimuuma marehemu sana, lakini hakubadilisha neno. Mboni ilihamia gereji ya nyumba yake Jamhuri, na Norman, hasira zilipokwisha, akaja kusaidia kufagia.

Hata hivyo Rael hakuacha. Alichukua damu ya ukoo wao mzima, akaitafuta kasoro ya Zedekiah kwa msaada wa wenzake wa Edinburgh, na katikati ya mwaka 2008 akaenda Kimilili kumweleza kaka yake kilichompofusha: kasoro ndogo aliyoirithi kwa baba na kwa mama. Dawa bado.

Zedekiah akamgeukia. "Kwa hivyo si Barasa aliyeniroga?"

"Barasa hana hata uwezo wa kuroga panya."

Zedekiah hakuwa amemsalimia jirani yake Barasa kwa miaka thelathini. Kesho yake aliomba kushikwa mkono, akapelekwa hadi mlangoni kwake. Wazee hao wawili walikunywa chai mchana kutwa, wakimsengenya Rael.

Mwishoni mwa mwaka huo marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa Nairobi kwa uangalifu mkubwa. Alimkabidhi Cate uongozi wa sayansi, na akamkataza mchungaji kusema kwamba anapambana kishujaa, maana alikuwa amelala tu. Bwana Shem, ambaye tunajua hawezi kunyamaza hata kanisani, alimuuliza jioni moja kama anaogopa.

"Naogopa," Rael akasema. "Nishike mkono, Shem, na usiseme kitu."

Shem alimshika mkono, wala hakusema kitu. Dkt. Rael alifariki Jumamosi tarehe 14 Machi 2009.

Ameacha mume wake, Mwalimu Shem, watoto wake, pacha Mukhwana na Mulongo, na Naliaka, wajukuu, kaka yake Zedekiah, na wenzake wote wa Mboni, ambao wamerudi kazini.

Pumzika sasa, Mama Mukhwana. Amani ya Bwana ikufunike.