Nilikwenda Dar Kabla ya Kuanua Tanga

Jumamosi ya pili baada ya Pasaka, mwaka juzi, asubuhi, nilimpoteza mke wangu. Alikuwa anachuja pombe yake ya kangara uani kwetu hapa Ifakara, Viwanja Sitini. Nilisikia kata imeanguka, nikadhani imemponyoka. Nilipotoka nilimkuta amekaa chini, ameegemea pipa, macho wazi. Wiki ile nzima hakuwa ameumwa hata kichwa.

Wanajumuiya, naomba mnivumilie. Mimi si msemaji, na shule niliishia darasa la saba. Mwenyekiti wetu ameniomba mara tatu nieleze nilivyopotea baada ya msiba na nilivyorudi. Mara mbili nilikataa. Leo nitasema kama ilivyokuwa, hata pale ninapojiaibisha.

Wengi wenu mlikunywa kangara ya mke wangu. Msiangalie chini, mlikunywa. Basi mnajua hakuuza mpaka aonje yeye mwenyewe mbele ya watu. Alichota, akanywa, akasubiri kidogo, ndipo akawajazia. Ndivyo alivyofunzwa kwao Lupiro: mpishi wa pombe haombi kuaminiwa, anakunywa kwanza.

Kaka yake, anayefanya kazi Dar es Salaam, alitusimulia kwamba kule kuna baa inayopika bia yake yenyewe. Mapipa ya chuma yako nyuma ya kioo, na watu wanaonja glasi ndogo nne nne zilizopangwa kwenye ubao. Mke wangu alicheka mpaka akakohoa.

"Na mpishi wao anaonja kwanza?"

Kaka yake hakujua.

"Basi tutakwenda kumwuliza," akaniambia. "Siku mbili tu, mume wangu. Tutazame mji, tunywe bia zao, turudi."

Tulipanga twende tukishavuna mpunga. Mpunga ulivunwa yeye akiwa kaburini Lupiro.

Wakwe zangu wakapanga kuanua tanga Jumamosi, arobaini ilipotimia. Kazi ya siku ile mnaijua. Mgane ananyolewa, nguo za marehemu zinagawiwa ndugu, na wazee wanamwambia mgane kwamba ameachiliwa, na marehemu naye ameachiliwa akapumzike. Ndugu zangu, nawaambia ukweli: mimi sikutaka aachiliwe. Hakuna sababu nyingine. Niliwatumia ujumbe kwamba naumwa, na Ijumaa nikapanda basi la Dar peke yangu, kitenge chake kimoja ndani ya mkoba.

Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu. Tulipofika Morogoro akapanda mama mmoja na kikapu.

"Baba, hapa pana mtu?"

"Pana," nikamjibu. Lilinitoka tu.

Yule mama akatazama kile kiti. Akasema, "Samahani, mama," akaenda kukaa nyuma.

Samahani, mama. Na mimi mnaniona nilivyo na ndevu.

Nilijiambia amekosea kusema, safari imemchosha. Lakini kuanzia pale nilihisi uzito kidogo mgongoni, upande wa kulia, kama mkoba unavyovuta. Nyumba ya wageni niliandika jina moja, na dada wa mapokezi akanipa taulo mbili. Sikumwuliza. Nilizichukua zote, nikasema asante, na moyo wangu ulifurahi. Sikieni vizuri hapo. Sikuogopa. Nilifurahi.

Jumamosi asubuhi, wakati kule Lupiro watu wanakusanyika kunisubiri, mimi nilikuwa makumbusho natazama magari ya zamani. Nilikuwa namweleza kwa sauti ndogo: hili tairi lake, huu usukani. Mlinzi akaniita kutoka mlangoni.

"Mzee, mwambie mama asiegemee kamba."

Kamba ilikuwa inacheza. Labda ni upepo wa feni. Labda kuna mwanamke mwingine alipita nyuma yangu, mji ule una watu wengi. Siwaambii kilikuwa kitu gani. Nawaambia nilichoona na nilichosikia. Nikamwambia mke wangu asiegemee, na kamba ikatulia.

Saa nane mchana nikafika kwenye ile baa. Mapipa yalikuwepo kweli nyuma ya kioo, yanang'aa, unajiona uso umevutwa kama wa samaki. Mhudumu akaleta mbao mbili, glasi nane. Moja ilikuwa chungu kama dawa ya malaria. Moja nyeusi, moja ya tangawizi, na ya mwisho ilikuwa na harufu ya ngano iliyochomwa. Nilikunywa zangu polepole. Za upande wa pili hazikupungua, basi nikazinywa nazo. Nikaagiza tena.

Mpishi alipotoka kwenye mapipa, kijana mwenye aproni, nikamwita. Nilitaka kutimiza lile tulilolijia.

"Samahani, mwanangu. Wewe ukipika, unaonja kwanza kabla ya wateja?"

Akacheka. "Mzee, mmepanga kunipima leo? Mama ameshaniuliza hilo hilo."

"Mama yupi?"

"Huyo uliyekuja naye. Alisimama pale kwenye kioo. Nikamwambia naonja, tena kila asubuhi. Hakujibu kitu." Akatazama nyuma yangu, kisha akatazama saa yake. "Karibuni tena," akasema, na alirudi ndani upesi kuliko alivyotoka.

Nilikunywa mpaka baa ikabadilisha wahudumu. Niliongea na mke wangu kwa sauti. Meza za jirani zikahama, nikaona ni vizuri, tumepata nafasi. Nikamwambia hatutarudi Ifakara, tutapanga chumba hapa hapa, nitafute kibarua, tuishi. Ndugu zangu, huko ndiko nilikoanguka. Pombe ilikuwa ndogo tu katika hilo. Nilikuwa nimeamua kuishi na marehemu, na niliona marehemu amekubali.

Jumapili sikwenda misa. Nilikwenda Feri kutazama bahari na pantoni. Jua lilikuwa kali, watu wamejaa, kelele za wauza samaki. Nikakaa kwenye ukuta mfupi, nikaweka mkoba chini. Jirani yangu alikuwa bibi anayeuza karanga. Nilipomsalimia shikamoo akaikamata sauti yangu mara moja.

"Marahaba. Wewe wa bondeni wewe."

"Ifakara, bibi."

"Mimi wa Mahenge, nimezeekea huku." Akafunga karatasi ya karanga, akanipa. Kisha akakunja uso. "Mwanaume gani wewe? Umekaa, mkeo umemsimamisha juani."

Nikaacha kutafuna zile karanga.

"Hana hata viatu. Miguu ina udongo mpaka hapa. Tazama, anasinzia amesimama kama ng'ombe mnadani."

"Bibi, unamwona?"

"Namwona nini tena? Si huyo amekushika shati."

Mkoba ulikuwa chini, katikati ya miguu yangu. Ule uzito ulikuwa bado mgongoni, upande wa kulia.

Niligeuka. Hapakuwa na mtu, ila shati langu lilikuwa limevutika nyuma, na likarudi mahali pake polepole nikilitazama. Bibi hakupiga kelele. Alinitazama muda mrefu, akaona nilivyo, nadhani akaelewa. Akasema kwa Kipogoro kwanza, halafu kwa Kiswahili, kama vile anataka wote wawili tusikie: "Mwache akalale, mwanangu. Amechoka. Wewe unatembea kwa miguu yako, yeye anatembea kwa miguu ya nani?"

Nililia pale pale mbele ya wauza samaki. Wiki zote zile niliwaza uchungu wangu tu, wala sikuwahi kujiuliza kama na yeye anaumia kukaa. Siku ile ile nikatafuta basi, nikarudi.

Jumatatu nilivuka daraja kwenda Lupiro. Mama mkwe alikuwa anapepeta mpunga, hakusimamisha ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umepona?"

"Sikuumwa, mama. Nilikuwa Dar nakunywa bia."

Ungo ukasimama. "Watu wamekuja hapa, wamekula, wameondoka. Umenifanya niseme uongo mbele ya katekista, kwa ajili ya bia?"

Nikapiga magoti, nikamweleza yote, kama ninavyowaeleza ninyi. Nilipofika kwenye zile mbao mbili akanikatiza.

"Ulimnunulia na yeye?"

"Nilimnunulia."

"Akanywa?"

"Hapana, mama. Nilizinywa mimi."

"Asingekunywa," akasema. "Binti yangu hakunywa pombe ya mtu asiyemjua." Akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia, na mimi nikamshika mkono. Baadaye akaniambia kwamba tangu Ijumaa ile alikuwa anasikia mtu anaburuta miguu uani. Hakutaka kumwambia yeyote.

Tukaanua tanga Jumamosi iliyofuata. Namshukuru shemeji yangu aliyeninyoa bila kunikemea. Namshukuru mama mkwe, aliyelisha watu mara mbili kwa msiba mmoja. Nawashukuru ninyi wa jumuiya, mlioleta rozari Lupiro na hamkuniuliza nilikuwa wapi. Na yule bibi wa karanga, Mungu amtunze. Mwenzangu mwenye msiba, nina moja tu la kukuambia: siku ya tanga ikifika, nenda. Lia, kataa kula, lakini uwepo. Siku ile si yako peke yako.

Mchana ule wa tanga nguo ziligawiwa zote, hata kile kitenge nilichosafiri nacho. Kila aliyepewa akavaa. Nilikuwa nimekaa na wazee, kichwa kitupu kinapigwa upepo, nikaona mwanamke ameinama kisimani, amenipa mgongo, kavaa blauzi ya kijani ya mke wangu, mkono wa kushoto kiunoni kama alivyozoea yeye. Nikasimama. Jina lake lilikuwa limeshafika mdomoni.

Akageuka. Alikuwa mdogo wake.

"Shemeji," akasema, "unasimama tu? Niletee vyombo nioshe."

Nikampelekea vyombo.