Kijitu Kinachowaza Kabla ya Kuruka

Kijiwe chetu ni benchi moja bovu nje ya kibanda cha Fundi Simu, na kahawa ya hapo ni chungu kama midomo yetu. Fundi katumia miaka mitatu kutengeneza gemu la simu, peke yake: kijitu cha kofia nyekundu kinazurura pangoni, kinaruka mashimo, kinasaka njia. Wiki iliyopita alitugawia ili tulijaribu. Leo kaapa kwamba tukimaliza kahawa bila mtu kulisifu, analifuta kila mahali. Na sisi kusifu hatukufundishwa.

Alianza Wakili, fundi viatu, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, tena kama mshtakiwa.

— Nabonyeza aruke, yeye kwanza anawaza. Akija kuruka, nimeshakufa.

— Haraka haraka haina baraka, akasema Kipimo, mwashi. Wangu kanasa juu ya pango. Nikatulia. Aliye juu mngoje chini.

— Akashuka?

— Bado yuko juu.

Fundi akaendelea kufuta kioo cha simu kilichokuwa safi tangu asubuhi. Roho iliniuma. Nilitaka kusema kwamba pango lile la matone ya maji linapendeza, na kwamba siku nilipookota kamba nikakumbuka shimo la mwanzoni kabisa, nikarudi, nikavuka, nilipiga kelele mpaka mke wangu akaja na ufagio. Wakili hakunipa nafasi ya kufungua mdomo.

— Ramani iko wapi? Nimepotea siku nne. Hilo si gemu, ni kesi.

Kipimo akasema kuta zenyewe ndizo ramani, ndiyo maana kijitu hunasa ukutani: kinasoma. Wakili akapinga. Kwake yeye, kijitu kilikufa zamani, tunachezesha mzimu. Wote wawili walibishana bila kuinua macho kutoka kwenye simu zao.

Ndipo shangazi yake Fundi akaja na funguo ambazo mpwa wake alizisahau nyumbani. Akainama nyuma ya Wakili, akatazama kijitu kikianguka mara tatu.

— Maskini. Anatafuta nini huko?

Wakili akamtazama Kipimo. Kipimo akanitazama mimi. Sote tukamgeukia Fundi.

— Shangazi, akasema taratibu, miaka yote hiyo nilikuwa nahangaika na kuruka.

Birika lilikuwa tupu. Fundi akanyoosha mkono achukue simu ya Wakili, alifute gemu lake. Wakili akaificha kwapani.

— Ngoja kwanza nijue anatafuta nini.