Shangazi Lebo na Kampuni Isiyokosea

Kwa huzuni isiyo na kifani, uongozi unawatangazia kuwa birika la ghorofa ya tatu limekosa mtu wa kulisugua. Tarehe 30 Juni, Shangazi Lebo anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara yetu ya kusimamia makampuni.

Alianza kama mpiga chapa. Makampuni yalipotakiwa kubandika lebo za kidijitali kwenye kila tarakimu ya ripoti zao za fedha, hii faida, hili deni, hawa wafanyakazi, ili kompyuta yetu izisome yenyewe, ni yeye aliyetufundisha kuzikagua. Mimi alinifundisha mara nne, kisha akaniombea dua.

Alikuwa na msemo wake: mwenye pumzi hukosea. Ndiyo maana kilichomnyima raha ni kampuni moja ya nguo ambayo lebo zake hazikuwahi kuwa na dosari. Kompyuta iliipa alama ya kijani kila mara. Kampuni yenyewe haikupiga simu kulalamika, haikuomba kuongezewa muda. Wafanyakazi wake walizidi kuongezeka tu, kana kwamba huko hakuna anayeugua, anayeolewa wala anayefukuzwa.

Wenye kampuni wakaomba kuuzia umma hisa. Shangazi akazuia. Mkurugenzi wetu akamwambia mbele yetu kwamba kijani ni kijani, na kama hana ushahidi aandike barua ya kuacha kazi. Shangazi akajibu kuwa kalamu anayo, ila kwanza aende akabishe hodi kiwandani kwao. Akanichukua mimi, mwenye kimo cha mlinzi na moyo wa kifaranga.

Kwenye korido mnasimuliana kuwa tulikuta jini. Ukweli ni huu. Ilikuwa asubuhi, jua linawaka, geti wazi. Cherehani safu kwa safu, uzi bado kwenye sindano, makoti kwenye viti, na vumbi lisilo na unyayo hata mmoja. Katika chumba cha mwisho, kompyuta ilikuwa ikiunguruma peke yake, ina joto. Baadaye tulijua kuwa mhasibu wao, aliyekwisha kufariki, aliipanga ijiandikie ripoti na kututumia. Wenye kiwanda walipokifunga kimyakimya, wakaiacha iendelee. Mashine yao iliandika, yetu ikaisifu.

Tukiwa tumesimama pale, idadi ya wafanyakazi kwenye skrini ikaongezeka kwa wawili. Sisi tulikuwa wawili. Sababu siijui, na sikubaki kuuliza.

Shangazi alibaki. Aliiambia kompyuta pole kwa kazi, akachomoa waya. Hisa hazikuuzwa.

Asante, Shangazi, kwa niaba ya wale wote ambao akiba zao zilinusurika na hawatajua kamwe. Mungu akupe afya, na siku nyingi za kukaa na wanao.