Kipoza cha Giaboksi na Mlima wa Hospitali

Kijiwe chetu ni benchi la mbao nje ya kibanda cha kinyozi, linatazamana na gereji ya uwanja wazi. Asubuhi ile kahawa ilikuwa bado moto, na macho yetu yote yalikuwa kwenye gari jeupe linalopeleka wagonjwa wa figo hospitali ya mlimani. Wiki iliyopita liligoma katikati ya mlima, mafuta ya giaboksi yakinuka kuungua, wagonjwa wakakaa juani kando ya barabara. Sasa fundi alikuwa chini ya bampa akifunga kipoza, yaani kirejeta kidogo mbele ya rejeta kubwa, ili mafuta ya gia yapigwe upepo kabla ya kurudi kwenye giaboksi. Fundi mwenyewe ni binti wa Mzee Klachi, dereva wa malori mstaafu, mwenzetu wa benchini.

Kinyozi, tunayemwita Wembe, ndiye aliyeanza.

— Mafuta yakipoa kupita kiasi yanaganda. Litapanda likikohoa.

— Ndiyo maana wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, akadakia Bingwa, muuza magazeti ambaye methali zake hukosea mlango.

— Kibaba kimeingiaje hapo? nikauliza.

— Baridi itaingia haba na haba, mpaka usukani uote ukungu.

Wembe akakubali, akaongeza kwamba giaboksi itadhani ni usiku, ilale. Kufika kikombe cha pili, Bingwa alikuwa ameshaliona, kichwani mwake, gari likishuka mlima kinyumenyume, bila dereva, likipiga honi lenyewe.

Mzee Klachi alikuwa akizungusha kikombe tu. Tulijua alitaka binti yake akae ofisini, mikono iwe safi. Nikamuuliza yeye anaonaje.

— Mimi nimezoea klachi, akasema. Hiyo giaboksi ya otomatiki muulizeni fundi mwenyewe.

Binti akatoka chini ya gari, akawasha injini, akapapasa kila kiungo cha bomba kuona kama kinavuja, akaongeza mafuta ya gia. Kisha akapakia magunia ya mchanga kwenye viti, uzito wa abiria kamili, akaondoka peke yake.

Benchi zima likageukia mlimani. Tuliliona likipanda, likafika pale lilipogomea, likapita. Halikupunguza hata mwendo.

Liliporudi, Mzee Klachi alivuka barabara, akainama, akaweka kiganja kwenye bomba la kurudishia mafuta. Alikiacha hapo muda mrefu bila kuungua. Binti naye alikuwa akishusha mchanga.

Wagonjwa wakaanza kupanda. Mama mmoja, mgeni kwetu, aliyeonekana hajapona hofu ya wiki iliyopita, akasimama mbele yetu na mkoba wake.

— Samahanini wanangu. Huyu fundi ni binti wa nani?

Wembe akamgeukia Mzee Klachi, aliyekuwa amesharudi benchini. Bingwa naye akamgeukia. Kila mtu alijua, ila jibu lile lilikuwa na mwenyewe.

Basi Mzee Klachi akavua kofia, akampokea yule mama mkoba, akamshika mkono mpaka kwenye gari. Alipokwisha kumketisha, akazunguka, akafungua mlango wa mbele, akapanda kando ya binti yake, aliyekuwa ameshashika usukani.