Mstari wa Vitambaa Vyeupe

Nawasalimu wote humu kanisani, na zaidi nyie wa viti vya nyuma, maana huko nyuma ndiko nilikoponea.

Wengi mnanijua kama fundi maua. Kazi yangu ni kupanga bustani za wenye uwezo, zile nyumba kubwa walizoanza kujenga mashambani biashara ya mpakani ilipochangamka. Njia moja inyooke toka getini hadi barazani, kulia na kushoto vifanane, ua ukatwe usawa kama ukuta. Mjomba wangu aliwahi kuniuliza, "Sasa hayo unayopanda yanaliwa?" Nikamwambia hayaliwi, ila yanatulisha.

Ndugu zangu, kazi hiyo yote iko kwenye jicho. Unachomeka vigingi, unavuta kamba, unafumba jicho moja, unatazama. Kigingi kimoja kikikaa vibaya leo, ua mzima utapinda ukikua.

Basi, mfanyabiashara mmoja wa Tunduma akanipa kiwanja cha nyumba yake kule Iyula, katikati ya mikahawa. Kulikuwa na ua wa zamani wa minyaa, nikaanza kuufyeka. Utomvu wa mnyaa, ule mweupe unaounguza macho, tunaujua tangu utoto, na ndiyo maana hatuuogopi. Jasho liliponitoka nikajifuta uso kwa mkono wa shati uliolowa ule utomvu. Hospitalini walinisafisha sana, lakini jicho la kushoto likafa, la kulia likabaki na ukungu. Kamba siioni, kigingi sikioni.

Nikakaa nyumbani, nikawa mkali hata kwa mke wangu anayenishikisha kikombe cha chai. Kilichoniuma zaidi ni ile bustani. Njia imechimbwa nusu, na mimi ndiye niliyejua inakwenda wapi.

Jumapili moja tulikaa nyuma kabisa, hapa hapa. Kwaya ya akina mama ikasimama, vitambaa vyeupe kichwani. Nikamnong'oneza mke wangu, "Yule wa tatu yuko nje ya mstari."

Akanigeukia. "Baba, kumbe unaona?"

"Naona vile vyeupe tu."

 Ibada ilipoisha akawafuata wale akina mama.

Wiki hiyo wakaja Iyula na vitambaa vile vile kichwani, wakasimama juani kwenye udongo mtupu. Mimi nipo getini, na safari hii sina haja ya kufumba jicho. "Mama, sogea kulia. Kidogo tena. Hapo hapo." Mke wangu anapigilia kigingi miguuni pa kila mmoja, anakifunga kitambaa cheupe. Mama mmoja akauliza, "Fundi, tukae mpaka tuote mizizi?" Nikacheka, mara ya kwanza tangu niumie, halafu nikalia mbele yao.

Ua tulioupanda kwenye vigingi vile umesimama mpaka leo, umenyooka. Namshukuru Mungu. Namshukuru mwenye nyumba aliyenisubiri, na mke wangu, na nyie akina mama. Na wewe uliyeanguka, nakuomba usikae ukiwaza yale usiyoyaona tena. Mwambie mtu wako wa karibu kile kidogo unachokiona bado.

Nakaa sasa, kwaya isimame ituimbie. Ila yule mama wa tatu, unisamehe, bado uko nje ya mstari.